Mlango wa Nyuma wa Ghala la Rangi

4 Machi

Mdogo wangu,

Naandika kwa sababu simu zangu hupokei. Mtu aliyekaa miaka kumi na tisa kwenye kituo cha dharura akipokea simu za watu asiowajua, ya kaka yake inamshinda. Haya, sikulaumu, pengine masikio yamechoka.

Hapa kwetu ni wazima, isipokuwa magoti yangu, ambayo yalistaafu miaka miwili kabla yangu. Wifi yako ameanza kufuga kuku na amenipa cheo cha mlinzi wa banda. Niliongoza wapelelezi kumi na wanne, leo napigiwa kelele kwa sababu jogoo ameruka ukuta. Mama hajambo. Masikio yamepungua, ulimi bado uko palepale. Anakuulizia, anamuulizia na mjukuu wake. Tumesikia kwamba ameingia chuo cha zimamoto. Mama aliposikia alisema damu haiendi mbali. Mpe hongera kutoka kwa mjomba wake.

Sasa nikwambie habari yangu. Kuna kipindi cha redio kila Jumamosi saa nne asubuhi, wanawaita maofisa waliostaafu wasimulie kesi walizoponea chupuchupu. Polisi, zimamoto, watu wa gari la wagonjwa. Mtangazaji ni kijana mpole, anakuacha useme. Nimekwisha kurekodi tatu. Ya kwanza ni ya yule aliyejifungia benki na bomu la kujitengenezea. Ya pili ni ya mganga wa uongo na visima vyake. Ya tatu itasikika tarehe 22, nayo unaijua, ni ya ghala la rangi. Usishtuke. Shemeji nimemtaja kwa heshima zake zote, na mtangazaji alikaribia kulia. Washa redio usikilize, wewe na binti. Ni vizuri mtoto asikie habari za baba yake kutoka kwa mtu aliyekuwepo.

Watu sokoni sasa wananiita Jicho, jina langu la zamani. Hata muuza nyama ananichagulia vipande vizuri.

Kaka yako

29 Machi

Kaka,

Shikamoo. Mpe na mama shikamoo yake, umwambie miguu yangu imepona, nilikuwa nimeteguka kwenye ngazi za kazini. Wifi mwambie kuku wakianza kudonoana awaning'inizie majani juu, watakuwa na shughuli. Hapa mvua imeharibu paa la jikoni, fundi amekuja mara mbili kuliangalia na mara zote mbili amelisifu tu. Binti ni mzima. Anaamka saa kumi na moja kukimbia na wenzake.

Nimechelewa kujibu kwa sababu barua ya kwanza niliyokuandikia niliichana, na ya pili pia. Hii naituma hivyohivyo ilivyo.

Nilisikiliza. Nilikuwa zamuni, tukawasha redio ndogo ya mezani, tukiwa wanne chumbani. Wenzangu walifurahi, wakaniambia kaka yako ana sauti ya kipindi. Ukasimulia namna mlivyomfuata yule jambazi aliyeua walinzi wawili, alivyojificha kwenye ghala, alivyomwaga thina sakafuni na kuiwasha ili msimfuate. Ukasimulia makopo yanavyolipuka moja moja. Yote hayo ni kweli. Kisha ukasema hivi, nimeyaandika ili usinigeuke: "Nilipotoka nilimkuta shemeji yangu mlangoni. Nikamwambia, usirudi, kazi imekwisha. Akanisukuma, akaingia. Alikuwa shujaa lakini hakuwa na subira."

Kaka, uliyasemea wapi maneno hayo? Mlango gani? Hukumkuta mlangoni. Nilikuwa naye kwenye simu ya upepo mpaka alipoingia, nilisikia pumzi yake, nilisikia mtu akikohoa pembeni. Sauti yako haikuwepo. Ningeijua katikati ya makopo elfu.

Miaka minane nimenyamaza. Kamati ya uchunguzi ilipoandika kwamba marehemu alirudi ndani bila sababu na bila kuacha kibati chake ubaoni, nilinyamaza. Watu waliponong'ona kwamba alirudi kutafuta cha kuokota, nilinyamaza, nikapika chai ya msiba, nikawapa walewale walionong'ona. Makaburini ulinishika mkono ukaniambia simu yako ya upepo iliishiwa betri, ndiyo maana hukusikia ukiitwa. Nikakuamini kwa sababu wewe ni kaka yangu na nilikuwa sina nguvu ya kutokukuamini.

Sasa nisikilize. Chuoni kwa binti kuna somo la ubao. Wewe unalijua jambo lenyewe: kila anayeingia kwenye moto anaacha kibati chenye jina lake ubaoni, akitoka anakichukua, na mshika ubao haondoki hapo hata akiitwa na nani. Ubao ukiwa mtupu, ndani hakuna mtu. Kila mwaka mkufunzi anawafundisha makuruta kwa mfano mmoja. Mfano huo ni mume wangu. Kiongozi wa zamu, mwenye uzoefu wa miaka kumi na tano, aliyechukua kibati chake akarudi ndani kienyeji, wakamtafuta mahali pasipo sahihi. Mkufunzi mpya hakujua ni baba wa nani. Aliandika kwenye ubao wa darasa kwa herufi kubwa: UZEMBE. Binti yangu alikaa mstari wa pili akanakili kama wengine. Alinionyesha daftari. Hakulia. Aliniuliza tu, "Mama, ni kweli?"

Nami nakuuliza wewe. Ulitokea mlango gani? Saa ngapi? Ulimwambia nani kwamba umetoka?

Usinipigie simu. Nimepokea za kutosha. Niandikie, kila neno likae mahali pake.

Mdogo wako

17 Mei

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma. Mama ameuliza mbona nimeikunja haraka, nikamwambia ni habari za paa. Homa ilinishika wiki tatu, ndiyo sababu ya kuchelewa, na wifi yako ni shahidi. Kuku wawili wamekufa. Yale majani yamesaidia waliobaki, asante.

Lakini sijapenda namna ulivyoniandikia. Unaniuliza maswali kama mtuhumiwa. Mimi ndiye niliyeuliza maswali maisha yangu yote, na nilijua kuyauliza bila kumvunjia mtu heshima. Kipindi cha redio ni kipindi cha redio. Mtu husimulia, anatia chumvi kidogo, msikilizaji asilale. Kama nimemweka shemeji mlangoni, nimemweka kwa upendo. Ulitaka niseme nini, kwamba alikufa peke yake na hakuna aliyemuaga?

Kwa kuwa umetaka kuandikiwa, haya. Niliingia saa tisa na dakika kumi mchana. Shemeji mwenyewe alinivalisha koti lake la akiba, akanipa simu ya upepo, akaning'iniza kibati cha mgeni ubaoni kwa niaba yangu. Alinitania, akasema, "Shemeji, ukifia humu dada yako ataninyima chakula." Ndani huoni mkono wako. Unatambaa ukigusa ukuta. Nilimsikia yule mtu kabla ya kumwona, alikuwa anakohoa nyuma ya mapipa. Alikuwa na bastola na risasi moja, hilo nililijua baadaye. Aliipiga, ikapita hapa, juu ya sikio la kushoto, mpaka leo upande huo sisikii vizuri. Nikamrukia. Tulipigana juu ya rangi iliyomwagika, tukiteleza kama watoto kwenye tope. Nikamtia pingu. Moto ulikuwa umefunga njia ya mbele, nikamburuta kwa mlango wa nyuma. Haya, umepata mlango wako. Nilitoka nyuma. Nilidhani wameniona.

Simu ilikuwa imekufa. Nilikwambia makaburini na ninakwambia tena.

Na kibati changu nilikichukua. Kamati iliukuta ubao mtupu, imeandikwa. Yule mshika ubao mwoga alisema kibati cha mgeni kilikuwepo, na hakuna aliyemwamini, kwa sababu hakikuwepo. Sasa unataka niwe na hatia kwa neno la mtu aliyeacha kazi mwezi uliofuata?

Umenikasirisha, na mtu aliyekasirika husema. Nami nasema. Shemeji alivunja kanuni. Mkufunzi hakukosea. Kama unamtafuta aliyemrudisha ndani, usinitafute mimi huku mbali. Mtafute aliyemwambia, "Kaka yangu yumo ndani, usiniachie." Mume gani angesikia hivyo kutoka kwa mkewe akasimama kukumbuka kibati? Kanuni ya kwanza ya kazi yako ni kwamba hutumi mtu motoni kwa jina la undugu. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Nimemaliza. Mama anakusalimia.

Kaka yako

2 Juni

Kaka,

Salamu kwa mama na wifi. Paa limeshika. Binti amepita mtihani wa ngazi.

Barua yako nimeisoma mara ya kwanza nikiwa nimesimama, nikaketi, nikaisoma tena. Ukiniuliza nilihisi nini, nilihisi hasira mpaka meno yakauma. Sasa hivi nimetulia, na utulivu wangu ndio unaopaswa kukutisha.

Ni kweli. Maneno hayo niliyasema. Sitakukatalia hata herufi moja. Mume wangu aliniuliza, "Mgeni hajatoka?" maana mshika ubao alikuwa amemwambia kibati bado kinaning'inia. Nilikuita mara tatu, hukujibu. Ndipo nikasahau kiti nilichokalia, nikasahau kanuni, nikasema kama mtoto wa mama yangu: kaka yangu yumo ndani, usiniachie. Akanijibu, "Nimekusikia." Hilo ndilo neno lake la mwisho kwangu na ndilo tunalojibu kazini kwa kila kitu, hata mtu akikutaarifu kwamba kuna msongamano barabarani. Dari liliporomoka dakika sita baadaye.

Sikumwambia mtu. Kamati haikuniita, walisema ni mjane, wamwache apumzike. Sauti za simu zilizorekodiwa hufutwa baada ya siku tisini, nami nilizihesabu siku hizo moja moja. Binti yangu hakujua. Mama hajui. Padri sikumwambia. Miaka minane nimelala na maneno hayo chini ya mto.

Sasa niambie wewe, Jicho, wewe uliyajuaje?

Siku ile tulihama chaneli kwa sababu chaneli ya kwanza ilikuwa na kelele za polisi. Chaneli ya pili ilikuwa na watu watatu tu. Mimi mezani. Mume wangu, ambaye amekufa. Na simu aliyokukabidhi wewe mlangoni, iliyoishiwa betri.

Zamani, nikiwa shuleni, ulikuja likizo ukatueleza namna unavyomkamata mwongo. Ulisema, usimpige, usimtishe, mwache akasirike, naye atakwambia kitu ambacho asingeweza kukijua kama hakuwepo. Nilikuwa namenya viazi, nikaacha kumenya nikakusikiliza. Nilijivunia kuwa na kaka mwenye akili namna ile.

Ulisikia. Ulisikia nikikuita mara tatu. Ulinisikia nikimwambia mume wangu arudi. Ulikuwa na kidole, ulikuwa na mdomo. Neno moja, "Nimetoka," na mtu yule angekuwa leo anagombana na fundi wa paa.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini yako imenichukua miaka minane. Nataka maelezo yaliyoandikwa na kutiwa sahihi, kwa mkuu wa zimamoto, nakala kwa mkuu wa chuo. Kila kitu, tangu ulipoingia mpaka kibati kilivyotoka ubaoni, maana sasa najua nacho hakikutoka kwa miguu yake. Binti anahitimu mwezi wa kumi na moja. Asile kiapo kwenye chuo kinachomfundisha kwamba baba yake alikuwa mzembe.

Mdogo wako

26 Agosti

Mdogo wangu,

Sitakudanganya kwamba niliugua. Sikuugua. Nilikuwa ninakaa nje na kuku.

Mama ameniambia nimekonda. Wifi yako amenihamisha chumba kwa sababu nazungumza usingizini, na hataki kuniambia ninasema nini. Kipindi cha redio nimekataa kurekodi cha nne. Mtangazaji amenipigia mara tano.

Simu ilikuwa hai.

Yule mtu nilimtafuta miezi saba. Nilipomtoa nyuma, gari letu lilikuwa pale na dereva alikuwa amekimbilia mbele kutazama moto. Mkuu wangu alikuwa mbele, na waandishi wa habari walikuwa mbele. Unajua mkuu alikuwa mtu wa namna gani, kesi zangu mbili zilikwisha kutoka gazetini zikiwa na picha yake. Nikasema, safari hii hapana. Nikamfunga yule mtu kwenye kiti, nikaendesha mwenyewe kwenda kituoni, nimwingize mimi, niandike mimi. Simu ilikuwa mapajani. Uliponiita mara ya kwanza nilikuwa kwenye mzunguko wa barabara, sijafika mbali. Nilijua nikijibu utamwambia shemeji, naye mkuu yuko kando yake, nami nitaamriwa kurudi naye mbele. Nikajiambia, dakika tano, nikifika nitajibu. Ukaita mara ya pili. Ukaita ya tatu. Halafu nikasikia uliyoyasema, nikasikia na jibu lake. Nikaichukua simu mkononi. Hapo ndipo ningesema. Niliishika, nikaona aibu ya kuonekana nilinyamaza mara tatu, nikaiweka chini. Nimelitafuta neno zuri zaidi ya aibu, silipati.

Nilirudi baada ya nusu saa. Walikuwa wote wanachimba. Ubao ulikuwa umeegemezwa kwenye gurudumu, na kibati cha mgeni kinaning'inia peke yake, mshika ubao ameondoka kwenda kuchimba na wenzake. Nikakitia mfukoni. Kisha nikaenda kuchimba, mpaka kucha zikang'oka, na watu wakanisifu. Nikapandishwa cheo. Nikaomba uhamisho, nisikutane na macho yako kila siku.

Maelezo nimeandika. Nimeyaandika mara mbili, na yote mawili yamo humu kwenye bahasha, nimetia sahihi. Ya kwanza yana kila kitu, pamoja na maneno yako. Ya pili yana kila kitu isipokuwa maneno yako. Humo nimesema shemeji alirudi kwa sababu kibati changu kilikuwa ubaoni, basi. Hayo ya pili yanamtosha marehemu, ingawa wakitaka kuuliza wataona pengo. Ya kwanza yatakuvua kazi. Umebakiza miaka mitatu ustaafu, na watakuondoa mezani kama mwanafunzi aliyekamatwa na karatasi.

Peleka unayotaka. Mimi nimekuachia uchague, kwa sababu wewe ni mdogo wangu na sitaki kukuumiza tena.

Kaka yako

9 Novemba

Kaka,

Shikamoo, kwa kuwa wewe bado ni mkubwa wangu na mama alinilea hivyo. Hapa tu wazima. Binti amehitimu juzi, ni wa tatu katika kundi lao, wa kwanza kwa kupanda kamba.

Bahasha yako ilinikasirisha kuliko barua zote. Ulidhani unanipa nafasi, kumbe ulinipa kamba tujifunge wawili. Karatasi ya pili ingekuwa siri yetu. Ningekuwa ninakudai ukweli mkononi na uongo mfukoni, nawe kila nikikukasirisha ungenikumbusha. Miaka thelathini ya upelelezi, na bado unamtega mtu kwa wema. Hiyo ya pili niliiwashia jiko. Karatasi ya kwanza nilimpelekea mkuu wa zimamoto kwa mkono wangu, nikasimama mbele ya meza yake mpaka alipoisoma yote. Aliponyanyua macho nikamwambia, yaliyoandikwa kunihusu mimi ni kweli.

Wamenivua vipokea sauti siku ileile. Sasa niko chumba cha kumbukumbu, napanga mafaili ya magari. Wenzangu watatu hawajui wanisalimie vipi. Mmoja alikuja kunikumbatia, mwingine aliniambia usoni kwamba asingependa kuwa motoni huku mimi nimeshika simu. Nilimwambia hata mimi nisingependa.

Wewe utaitwa. Nguo safi uvae, na usiende kuwasimulia, nenda ukawajibu. Mshika ubao tumempata, anaendesha trekta kwenye shamba la mkonge. Mkuu alimwandikia barua ya kumwomba radhi. Nimesikia aliisoma, akaikunja, akaendelea na kazi, na mimi ningefanya hivyohivyo.

Uamuzi wa kamati umefutwa. Mkufunzi amebadilisha somo. Alifuta lile neno, akaandika mambo mawili: mgeni aliyetoka bila kusema, na mpokea simu aliyesema asichopaswa. Hataji majina, lakini hakuna asiyejua. Binti yangu alikuwa darasani. Angeweza kuomba ruhusa, mkufunzi alimpa, akakataa. Alikaa mstari wa mbele akanakili yote, yako na yangu, kisha akarudi nyumbani, akaweka daftari mezani mbele yangu kama alivyofanya mara ya kwanza.

Alilia safari hii. Alisema hakasiriki kwa yale maneno, hata yeye angeyasema. Anakasirikia miaka minane. Aliniuliza ilikuwaje nikamwacha asikie watu wakimtukana baba yake, tangu akiwa na miaka kumi na mmoja, na jibu ninalo mdomoni. Nilimwambia niliogopa kupoteza kiti changu, na niliogopa kumpoteza yeye. Akabeba begi lake. Ametoka siku nne sasa, anakaa kwa rafiki yake, anakuja tu kubadili nguo. Nakuta sahani ameosha na kondoo wake wa kitambaa wa utotoni ameondoa kitandani.

Amesema nawe atakuuliza hivyohivyo, hataki kupitia kwangu. Anakuja huko kwenu Ijumaa kwa basi la asubuhi. Usimpeleke wifi kumpokea, wala usimtume mama atangulie kuzungumza. Mfungulie mwenyewe.

Mdogo wako